Mama Mkubwa Hakulia

Tuko wanawake saba tunaochambua maharage kwenye ghala moja Tandale, nyuma ya soko. Kazi yenyewe ni ya macho na vidole. Unamwagiwa gunia mbele yako, unachota kwenye ungo, unatoa mawe, unatoa yaliyooza, unatoa yaliyobunguliwa, mazuri unayasukuma upande wa pili. Masikio hayana kazi. Ndiyo maana tunasomewa.

Anayetusomea ni binti mmoja mwenye mtoto wa mwaka na nusu, amemaliza kidato cha nne. Siku anayosoma hachambui. Kila mmoja wetu anamchambulia sado moja, kile kindoo cha kupimia, hizo sado sita zinakuwa sehemu yake, na bosi akipita anakuta mzigo umekamilika, haulizi. Binti anakaa juu ya gunia, mtoto mgongoni, simu mkononi, anatusomea simulizi zinazotumwa kwenye kundi la wasapu. Zinakuja kwa sehemu. Sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila moja inakatwa pale roho inapokuwa juu juu.

Simulizi ninayotaka kuieleza ilikuwa ya mwanamke mmoja ambaye sie tulimwita Mama Mkubwa, kwa kuwa ndivyo mtoto aliyemlea alivyomwita. Mdogo wake alikufa akamwachia binti. Mama Mkubwa naye alikuwa na binti yake, umri mmoja. Akawalea pamoja, sahani moja, mkeka mmoja, nguo za Idi kitambaa kimoja. Wakafanya mtihani wa darasa la saba wote. Mama Mkubwa akaenda shuleni kuangalia majina ubaoni. Wa marehemu amefaulu, wa kwake amefeli. Akarudi nyumbani akamwambia yule yatima, umefeli mwanangu. Kisha akampeleka wa kwake sekondari ya mbali, kwa jina la yule aliyefaulu. Yatima akabaki nyumbani anapika, anafua sare zinazokuja likizo.

Hiyo ilikuwa sehemu ya nne. Siku hiyo hatukuchambua vizuri, mawe yalipita.

"Huyu mwanamke achomwe," nilisema mie.

"We mama una roho mbaya wewe," akadakia mama wa mapacha, ambaye ndiye mchekeshaji wetu. "Mtu yuko kwenye simu unataka kumchoma! Utachoma na simu ya mtoto wa watu."

"Kwani alimnyima nini?" akasema mwingine. "Alikula, alivaa, hakupigwa."

"Alimnyima jina lake."

"Jina linaliwa?"

"Sema ukweli mbele ya Mungu," mama wa mapacha akanigeukia na ungo wake. "Wewe ungekuwa na wa kwako kafeli, na wa marehemu kafaulu, usiku ungelala?"

"Nisingelala. Lakini asubuhi ningemwambia mtoto amefaulu."

"Haya, malaika wetu huyo. Msogezeeni hewa mabawa yasikunjike."

Wakacheka. Mie sikucheka. Walikuwa hawajui. Nimefanya nao kazi miaka sita na sijawahi kuwaambia, kwa sababu nilikuwa naona aibu. Si aibu ya kudhulumiwa. Aibu ya namna nilivyodhulumiwa. Leo naandika na wahusika nawataja. Majina siweki, ila nikisema wifi yangu, na shemeji yangu mkubwa, na mjumbe wa mtaa wetu wa zamani kule Temeke, wanaojua wanajua, na walio hai kati yao wakisoma watajijua.

Mume wangu alikufa tukiwa kwenye nyumba yetu ya Temeke, vyumba vitatu na uwanja wa kuanikia. Tuliijenga sote wawili, matofali nimebeba kwa kichwa hiki. Nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi mwanamke hatoki, hajipambi, anakaa ndani na kanga zake nyeupe. Mwenye kukaa eda anahitaji mtu wa kutoka na kuingia kwa niaba yake, na wangu alikuwa wifi, dada wa marehemu. Alikuwa anakuja kila siku. Alinipikia uji. Alinisuka. Alikuwa ananiambia vikao vya ukoo vimesema nini. Nasema haya kwa sababu ni ya kweli, na sitaki mtu aje kusema nimeyaficha.

Siku moja akaja na karatasi. Akasema ni ya kufuatilia cheti cha kifo, wanataka sahihi ya mjane. Akanisomea. Ilisomeka vizuri: mimi fulani, mke wa marehemu fulani, naomba nipatiwe cheti. Akanishika bega, akanipa peni, nikaandika jina langu.

Sasa hapa ndipo pa aibu. Mie najua kusoma. Nilifika darasa la nne. Nasoma kwa kidole, neno moja moja, midomo inacheza, lakini nafika. Ile karatasi ilikuwa na mistari tisa au kumi. Ningeweza kuisoma. Ila wifi alifika kidato cha pili, alikuwa na mwandiko wa kupendeza na pochi yenye zipu mbili, na nilijua nikianza kusoma kwa kidole mbele yake ataona nilivyo. Nikamrudishia bila kuisoma. Nilijifanya nimeisoma kwa macho, nikaguna kama mtu aliyeelewa.

Eda ilipoisha shemeji mkubwa alikuja na vijana wawili. Akanionyesha karatasi yangu. Ilisema nimekubali kwa hiari yangu kwamba nyumba ni mali ya ukoo na mie sina dai. Mjumbe alikuwa ameandika kuwa alinishuhudia nikiweka sahihi. Mjumbe huyo hakukanyaga chumbani kwangu hata mara moja, angekanyagaje na mie niko eda? Nikamwangalia wifi. Alikuwa amesimama mlangoni, anakunja kanga zangu ili zisichafuke wakati wa kuzitoa nje. Alizikunja vizuri.

Kwa hiyo mkinisikia nasema mwanamke wa kwenye simulizi achomwe, muelewe. Alisimama mbele ya maandishi, akarudi kwa asiyeyaona, akasema kitu kingine. Mie sikuhitaji kuambiwa mtu wa namna hiyo anafananaje. Namjua mpaka mafuta anayojipaka.

Simulizi ikaendelea, na kadiri ilivyoendelea wenzangu wakawa upande wa Mama Mkubwa. Sikuelewa kwanza. Kila mara binti wetu aliposoma, Mama Mkubwa alikuwa anaumia. Akienda kisimani anakumbuka. Akimwona yatima anaosha vyombo, koo linakaba. Akawa hali. Mama wa mapacha akaanza kusema "maskini" kila baada ya sentensi mbili. Mzee wetu, mwanamke wa Kimwera mwenye miaka kama sabini, akasema ameona wanawake wengi wa hivyo, kwamba wabaya kweli hulala usingizi.

Kisha wifi akanipigia simu.

Sikuwa nimesikia sauti yake miaka kumi na mbili. Nilimtambua kwa kupumua tu.

"Wifi yangu, hujambo? Namba nimepewa na mwanao, usimgombeze."

Nikaweka ungo chini.

"Wifi, Mungu kanijalia, naenda Umra. Wiki ijayo Alhamisi. Unajua mtu hawezi kwenda kule na mzigo wa watu. Nazunguka kuomba radhi. Wewe nakuja mwenyewe, sitaki kukuomba kwenye simu. Nije lini?"

Nikasema Jumanne. Nikasema aje ghalani. Chumbani kwangu sikutaka aone kitanda changu kilipo na ndoo zangu zilipo.

Jioni mwanangu akapiga. "Mama, mpe. Kakukosea, sawa, lakini mtu anaenda kwa Mungu. Ukimnyima unabaki nayo wewe."

"Kwani sasa hivi nani anabaki nayo?"

"Mama jamani."

Yeye alikuwa na miaka kumi na moja wakati tunatolewa. Anakumbuka gari la mkaa lililotubeba. Hakumbuki karatasi.

Kesho yake, Ijumaa, binti akatusomea sehemu ya ishirini na mbili. Ndiyo ile. Mama Mkubwa anaingia jikoni, yatima sasa ni mtu mzima, yuko jikoni anapepea mkaa kwa ajili ya harusi ya yule mwingine. Mama Mkubwa anapiga magoti kwenye majivu. Analia. Analia mpaka mtandio unalowa. Anamshika yatima miguu, anasema mwanangu, mwanangu, nisamehe, mie ni mama mbaya, Mungu anajua nilivyoteseka. Binti aliisoma ile sehemu kwa sauti ya chini, na mtoto wake alikuwa amelala mgongoni. Mama wa mapacha alikuwa anajifuta kwa kiwiko kwa sababu vidole vina vumbi.

Na mie nililia. Niseme tu. Nililia, na katika kulia nikamwona wifi jikoni kwenye majivu. Nikafikiri, labda na yeye. Labda miaka yote hii amekuwa akienda kisimani, koo linakaba. Labda alivyokunja zile kanga alikuwa anakufa ndani. Nani aliwahi kuniambia hapana? Niliondoka ghalani siku ile nimeshaamua kumpa. Nilihisi mwepesi, kama mtu aliyetapika.

Ila nilitaka kuisikia tena kabla ya Jumanne. Nilijijua, nikimwona uso kwa uso hasira itarudi, kwa hiyo nilitaka kuwa na yale machozi karibu. Jumamosi nikamwambia binti anitumie zile sehemu kwenye simu yangu, ile ya kioo kilichopasuka niliyorithi kwa mwanangu.

"Utaweza mama? Maandishi madogo hayo."

"Nitajaribu."

"Ningekusomea tu."

"Nitumie, mwanangu."

Akanitumia zote kwa mkupuo. Hakusita sana. Hakuna aliyekuwa anadhani nitazisoma.

Jumapili hatuna kazi. Nikakaa mlangoni mchana, nikafungua ya ishirini na mbili. Nikasoma kwa kidole. Mama Mkubwa akaingia jikoni. Yatima anapepea mkaa. Nikasubiri magoti. Hakuna magoti. Nikasubiri majivu. Nikadhani nimeruka mstari, nikarudi juu, nikaanza upya. Hakuna majivu, hakuna mtandio, hakuna mtu anayeshika miguu ya mtu. Ilikuwa imeandikwa hivi, nakumbuka kwa sababu niliisoma mara nne:

Mama Mkubwa alivuta kigoda akakaa. Akasema, "Hukufeli. Jina lako lilikuwa la tatu kutoka juu. Nililiona, nikasimama pale ubaoni mpaka wenzangu wakaondoka. Nikarudi nikakuambia umefeli. Nilijua ninachofanya. Wa kwangu alikuwa wa kwangu." Yatima akaacha kupepea. Mama Mkubwa akasema, "Sikuombi kitu. Nimeona usikie kwangu." Akanyanyuka akaenda kupokea wageni.

Basi. Hiyo tu.

Nikarudi kwenye sehemu za nyuma. Nilisoma mpaka jua likahama mlango wa jirani. Kisimani, koo halikukaba. Hakuacha kula hata siku moja. Machozi yote ya Mama Mkubwa yalitiwa na binti yetu, pale juu ya gunia, huku anasoma.

Niliweka simu chini. Kwa mara ya pili maishani nimekaa, mtu ameshika maandishi, amenisomea kitu ambacho hakikuandikwa, na mie nimeguna kama nimeelewa. Na kwa hayo machozi ya kubuni nilikuwa natoka kwenda kutoa radhi ya nyumba yangu.

Jumatatu nilimwahi getini kabla wenzangu hawajafika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona Mama Mkubwa halii?"

Akashika mbeleko ya mtoto. Nilidhani atakana.

"Umesoma?"

"Nimesoma."

"Nilitia mie." Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyekutwa anakula nyama jikoni. "Mlikuwa mnamtukana sana, mama. Wewe ulitaka achomwe. Mie namhurumia yule mwanamke. Nikaona nikimwacha alivyo mtaniambia nibadilishe simulizi, na mie nilikuwa naipenda. Nikamtilia machozi kidogo."

"Na pale jikoni? Anaposema aliliona jina ubaoni? Mbona hukupasoma?"

"Pale?" Akakunja uso. "Pale pabaya, mama. Pale ndiyo mngemchukia kabisa. Anasema kavu kavu, hana hata aibu. Pale nilipatoa ili kumsaidia."

Nilitaka kumzaba kofi. Halafu nikamtazama, kitoto cha watu, kandambili zimeliwa kisigino, na nikaona hajui hata kidogo alichokifanya. Kwa upande wake alikuwa amefanya wema. Sikumwambia kitu. Wala sikuwaambia wengine. Lakini toka siku hiyo nimekuwa na jambo moja la kusema juu ya watu wabaya wa kwenye simulizi, ingawa hakuna anayeniuliza. Machozi hayanifanyi nimhurumie mtu. Kila mtu ana machozi, hata mjumbe wetu alilia kwenye msiba wa mume wangu. Mie yule Mama Mkubwa mkavu, aliyevuta kigoda akasema nililiona jina lako, huyo ndiye aliyenikaa moyoni. Sikumsamehe. Ila ningeweza kukaa naye chumba kimoja. Angekuwa ni mtu wa kweli, kaka yake kamtuma na karatasi, kisha kaja, kakaa, kanieleza ukweli, nadhani ningemwekea chai.

Jumanne wifi akaja. Saa nne asubuhi, baibui jipya lenye mishono ya dhahabu mikononi, boksi la halua mkononi. Amenenepa. Uso bado ule ule, wa kupendwa na watu. Akasalimia wote, akamwamkia mzee wetu vizuri, akamshika mtoto wa binti shavu. Mama wa mapacha akampindulia ndoo akaifuta kwa kanga.

"Karibu ndoo, msafiri wetu. Viti tumevipeleka kwa fundi."

Akacheka, akakaa. Wakamuuliza habari za safari, hoteli iko umbali gani na Haram ya Makka, atawaletea nini. Kidogo kidogo akanigeukia.

"Wifi, nimekuja kwa miguu yangu. Keshokutwa naondoka. Nilipokukosea kwa kujua na kwa kutojua, kidogo na kikubwa, nisamehe kwa ajili ya Mungu."

Wote wakanitazama. Maneno yenyewe ndiyo hayo, kila msafiri huyasema, na jibu lake nalo linajulikana. Unasema nimekusamehe, na wewe nisamehe, mnakumbatiana, halua inafunguliwa.

"Ya kutojua nimekusamehe yote," nikasema. "Hapa hapa, mashahidi hawa. Nitajie moja la kujua."

"Mh?"

"Umesema kwa kujua na kwa kutojua. La kujua lipi?"

"Wewe wifi una maneno." Akacheka, akawatazama wenzangu wacheke naye. Mama wa mapacha akacheka kidogo, akaacha.

"Nitajie moja tu. Si lazima kubwa."

"Si ile ishu ya nyumba, wifi. Mambo ya zamani. Kaka mkubwa ndiye alikuwa mbele, mie mwanamke tu ningefanya nini?"

"Kaka yako simuulizi, yuko kaburini na majibu yake. Nakuuliza wewe. Siku uliyokuja na karatasi, mie nikiwa eda. Ulinisomea. Ilikuwa imeandikwa nini?"

Hapo ndipo wenzangu waliposikia kwa mara ya kwanza kwamba nilikuwa na nyumba.

"Miaka yote hiyo, nani anakumbuka karatasi?"

"Mie nakumbuka. Nataka kujua kama na wewe unakumbuka. Sema ulichokiona kwenye karatasi, na ulichonisomea mie. Ukisema, radhi yako hii hapa, nenda na halua yako. Nyumba siitaki tena."

Nilimaanisha. Nataka ieleweke kuwa nilimaanisha. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka yale maneno. Ningempa mwanamke yule kila kitu kwa sentensi moja kavu.

Akafungua mdomo. Naapa alifungua. Macho yake yakaenda pembeni, yakarudi, na niliona kwamba anakumbuka kila mstari. Halafu uso ukavunjika, akaanza kulia.

Alilia vizuri. Alilia kwa mabega. "Wifi yangu, wewe hujui nilivyoteseka, Mungu ndiye anajua. Sijawahi kulala. Mie nilikupenda, nilikusuka mie, nilikupikia mie." Akateremka kwenye ndoo akanishika miguu, baibui lake kwenye vumbi la maharage. Na machozi yalikuwa ya kweli, sitamsingizia. Yalinidondokea kwenye kisigino, ya moto.

"Mpe jamani," akasema mama wa mapacha, analia na yeye.

"Mpe, mwanangu," akasema mzee. "Mtu amepiga magoti."

Nikamtafuta binti kwa macho. Alikuwa juu ya gunia lake, simu imezimwa mapajani, anatazama chini. Yeye peke yake hakusema mpe.

"Iliandikwa nini?" nikauliza tena.

"Wifi, nimeshakuomba, nimelia mbele za watu, unataka nini zaidi?"

"Nataka useme."

Akanyanyuka. Akajifuta kwa kitambaa, akajikung'uta magoti, upande wa kulia kisha wa kushoto. Sauti ikabadilika, ikawa ile ya kwenye vikao.

"Basi. Mie nimetimiza la kwangu, mashahidi hawa. Lililobaki ni lako na Mola wako."

Akaaga wote kwa mkono. Mie aliniruka. Alipotoka getini, mama wa mapacha akafungua halua, kwa kuwa ilikuwa imeshaachwa. Walinikatia kipande nikala. Ilikuwa na hiliki nyingi, nzuri. Hakuna aliyeniuliza habari za nyumba.

Alhamisi akaondoka. Mwanangu akanitumia picha, wifi uwanja wa ndege, kavaa nyeupe tupu, amezungukwa na watu, chini ameandikiwa Mungu akutakabalie. Mwanangu hakuandika kitu kingine. Hajanipigia tangu hapo, na mie sijampigia.

Ghalani walinisusia kistaarabu. Salamu wanatoa, chumvi wananipa, ila stori zinakatika nikikaribia, na nilimsikia mtu akisema kwamba kuna watu Mungu kawanyima nyumba kwa sababu alishawaona moyo. Ijumaa wakadai simulizi. Binti akafungua simu, akauliza walikuwa wamefikia ngapi.

"Ishirini na mbili," nikasema mie.

"Ile si tulishaisoma," akasema mama wa mapacha.

"Isome tena." Nikamtazama binti. "Kama ilivyo."

Nilifikiri atakataa. Kisha akasoma. Kigoda. Hukufeli. La tatu kutoka juu. Nilijua ninachofanya. Wa kwangu alikuwa wa kwangu. Sikuombi kitu. Hakuongeza hata neno moja, nilikuwa nafuatisha kwa midomo.

Alipomaliza, nyungo zilikuwa zimesimama.

"Eh!" akasema mama wa mapacha. "Na magoti je? Si alipiga magoti?"

"Haikuandikwa hivyo," akasema binti. "Nilitia mie."

"Kwa hiyo halii?"

"Halii."

"Mwanamke gani huyu halii! Amemwibia mtoto maisha halafu anakaa kwenye kigoda kama anasubiri chai. Mshenzi mkubwa. Na mie nilimlilia, macho yangu bure!"

"Hana haya," akasema mwingine. "Angalau angenyamaza."

"Achomwe," akasema mzee wetu, na wote wakacheka, kwa kuwa lilikuwa neno langu.

Wakamwambia binti afute hiyo simulizi, atafute nyingine, ya mapenzi. Akaanza kutafuta. Mie nikachota maharage kwenye ungo. Nilikuwa nafikiria muda. Maneno ya Mama Mkubwa pale jikoni, hata ukiyasoma kwa kidole kama mie, hayamalizi dakika mbili. Wifi yangu alikaa kwenye ile ndoo saa nzima.